Ufundi wa Kutaja Wimbo

Wapo wanaodhani kazi ya mtangazaji wa muziki ni kuziba pengo kati ya wimbo mmoja na mwingine. Anataja saa, anacheka kidogo, anabonyeza kitufe, basi. Mimi naiheshimu kazi hii kuliko hivyo, na kila ninapotaka kueleza sababu humtaja Mromania mmoja, Cornel Chiriac, ambaye tangu mwaka 1969 aliwapigia vijana wa nchi yake muziki wa roki akiwa Munich, Ujerumani Magharibi. Yeye hakuweza kuwaona, na wakubwa wa nchi yao hawakutaka wamsikie.

Alianzia nyumbani. Mwaka 1967 alianzisha kipindi cha Metronom kwenye redio ya taifa mjini Bucharest. Ilikuwa miaka ya nafuu. Nicolae Ceaușescu alikuwa ameshika uongozi wa chama mwaka 1965, na kwa muda watu walipata pa kupumulia. Agosti 1968 alikataa kupeleka askari wake kuivamia Czechoslovakia, akaulaani uvamizi huo hadharani, na huko Magharibi wakamsifu. Magita ya umeme yakapenya katika upenyo huo. Chiriac kwa asili alikuwa mtu wa jazi, na nadhani hilo ndilo lililomsaidia, kwa kuwa watu wa jazi wana tabia ya kutaka kujua: nani anapiga ngoma hapa, nani ameshika besi, rekodi hii ilifanywa lini na kundi lilikuwa na nani. Aliuchukua muziki wa roki kwa uzito uleule, wakati wazee wengi, wa Mashariki na wa Magharibi, waliuona kuwa kelele za watoto wenye nywele ndefu.

Kipindi kikafungiwa mwaka 1969. Mwaka huohuo akatoka nchini, akapitia Austria, akaishia katika Redio Ulaya Huru huko Munich, na humo akakifufua kipindi chake kwa jina lilelile.

Redio hiyo haikujengwa kwa ajili ya wapenda muziki. Ilianza kurusha matangazo mwaka 1950, kwa fedha za Wamarekani zilizopitia shirika lao la ujasusi, CIA, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, na shughuli yake kubwa ilikuwa habari na siasa. Ndiyo maana wapo wanaosema muziki ulikuwa chambo cha kuwavuta vijana wasikilize mengine. Siafiki. Mtoto wa miaka kumi na sita anamtambua upesi mtu anayempigia wimbo asioupenda mwenyewe. Kama Metronom ingekuwa chambo tu, wasingeendelea kuisikiliza mwaka hadi mwaka katika nchi ambayo kusikiliza redio hiyo kulimtia mtu katika macho ya Securitate, polisi wa siri.

Ili kuona uzito wa kazi yenyewe, mfikirie msikilizaji wake. Santuri za makundi ya Uingereza na Marekani hazikuwa kitu cha kuingia dukani na kununua. Aliyekuwa nayo aliipata kwa ndugu wa ng'ambo au kwa msafiri, na ikizunguka mikononi mwa marafiki ilirudi imejaa mikwaruzo. Magazeti ya muziki kutoka nje yalikuwa adimu vilevile. Kwa kijana wa Bucharest, Cluj au Timișoara, mtangazaji ndiye aliyekuwa duka, maktaba na mwalimu kwa wakati mmoja. Akiupiga wimbo bila kuutaja, kijana amebaki na sauti isiyo na mwenyewe. Hana pa kwenda kuuliza.

Na sauti hiyo ilifika kwa shida. Ilisafiri kwa masafa mafupi, na masafa mafupi hayaendi moja kwa moja kutoka kwenye mnara hadi kwenye redio ya sebuleni. Mawimbi hupanda hadi tabaka la juu la anga, hupinda huko, kisha hurudi ardhini mamia au maelfu ya kilomita mbele, yakiwa yameruka nchi zilizo katikati. Ndiyo sababu Redio Ulaya Huru ilikuwa na mitambo yake Glória, nchini Ureno, mwisho kabisa wa bara kwa upande wa pili. Umbali huo ulikuwa faida. Lakini tabaka lile la anga halitulii. Sauti hupanda na kushuka kama ya mtu anayezungumza huku mlango ukifunguliwa na kufungwa mbele yake. Romania ilikuwa imeacha kuyazibia matangazo hayo kwa kelele tangu mwaka 1963, tofauti na Muungano wa Kisovieti, kwa hiyo adui mkubwa wa msikilizaji alikuwa anga lenyewe.

Wasomaji waliokulia kwenye Idhaa ya Kiswahili ya BBC au ya Deutsche Welle enzi za masafa mafupi wanaijua hali hiyo: sikio kwenye spika, vidole kwenye kitufe cha kutafutia stesheni, na jina la mtu linapotea palepale lilipotakiwa.

Katika mazingira hayo ndipo ufundi unapoonekana. Kwanza ni kusema polepole na kutamka neno hadi mwisho wake. Willis Conover wa Sauti ya Amerika, ambaye tangu mwaka 1955 aliifundisha jazi nusu ya Ulaya, alizungumza Kiingereza cha taratibu, kila neno limesimama peke yake, na watu wasiojua vizuri lugha hiyo walimfuata. Jina la wimbo wa kigeni lahitaji kutajwa kabla na kutajwa tena baada ya kupigwa, maana huenda mara ya kwanza mlango ulikuwa umefungwa.

Pili ni kunyamaza. Huu ndio mtihani unaowashinda wengi. Wimbo una mwanzo wake: gita linaingia peke yake, ngoma zinangoja, halafu zinadondoka pamoja. Mtangazaji anayeongea juu ya mwanzo huo ameiba kitu. Kule Romania angekuwa ameiba mara mbili, kwa sababu upande wa pili kulikuwa na kijana aliyeweka kipaza sauti mbele ya redio, kanda ya kurekodia imeshafungwa kwenye gurudumu lake, kidole kiko tayari, na ameshawaomba walio jikoni wasigonge sufuria kwa dakika tano. Akipata wimbo mzima, kuanzia noti ya kwanza hadi ya mwisho, amepata mali. Akipata wimbo wenye maneno ya mtu juu yake, atakuwa na maneno hayo miaka yote ya kanda ile.

Na kanda haikukaa kabatini. Ilinakiliwa kwa rafiki, naye akanakilia mwingine. Jumamosi nyumbani kwa mmoja wao, wazazi hawapo, mapazia yameshushwa, mwenye kanda anasimama kando ya mashine na kuwaambia wenzake kinachofuata: kundi gani, wimbo gani, nani yuko kwenye kinanda. Anayarudia aliyoyasikia kutoka Munich. Kijana huyo wa miaka kumi na saba ameshakuwa mtangazaji. Hana mnara wala mshahara, wasikilizaji wake wanaenea sebuleni, lakini kazi ni ileile.

Wasikilizaji wa Metronom walikuwa pia wakikiandikia kipindi barua, na barua hizo zilitolewa nchini kwa siri mikononi mwa wageni. Mwaka 2022 mwongozaji Alexandru Belc alitoa filamu iitwayo Metronom, inayosimulia vijana wa Bucharest mwaka 1972 wanaokutana kusikiliza kipindi hicho na kukiandikia barua, hadi Securitate inapobisha hodi. Katika tamasha la filamu la Cannes ilimpatia tuzo ya mwongozaji bora katika kundi la Un Certain Regard. Mwaka huo wa 1972 haukuchaguliwa ovyo. Julai 1971, baada ya ziara yake China na Korea Kaskazini, Ceaușescu alitangaza masharti mapya ya utamaduni, na upenyo wa miaka ya nyuma ukaanza kuzibwa.

Hata hivyo muziki haukufa. Phoenix, kundi la Timișoara lililoanza mwaka 1962, lilichanganya roki na ngano za kale za Kiromania, likatoa baadhi ya rekodi bora za nchi hiyo. Mwaka 1977 baadhi ya wanamuziki wake walitoroka nchi wakiwa wamejikunja ndani ya maboksi ya spika zao, spika zikiwa juu ya gari la mizigo.

Chiriac hakuyaona hayo. Tarehe 4 Machi 1975 alichomwa kisu katika maegesho ya magari mjini Munich, akafa kabla hajafika miaka 34. Wasikilizaji wake wengi waliamini Securitate ilikuwa na mkono katika kifo hicho, lakini hilo halijathibitishwa. Waliompenda hawakuwa na kaburi la kwenda kuliona, wala gazeti la nchini mwao la kuwaeleza aliyekuwa nani. Walikuwa na kanda.

Siku hizi simu inamletea kijana wimbo wowote anaoutaka, na bado nasikia stesheni nyingi, kwetu na kwingine, zinazopiga nyimbo kumi mfululizo bila kutaja hata moja, kana kwamba zimetungwa na umeme. Nawaomba watangazaji vijana, hasa mnaoanza leo na kipaza sauti cha bei rahisi chumbani kwenu: ukipiga wimbo, utaje. Mtaje aliyeimba, umtaje na aliyepiga gita, kisha nyamaza hadi uishe.