DOSBox Haitoshi: Programu za Zamani, Windows Mpya na Diski za Mogitu

Kuna ushauri mmoja ambao kila mwanafunzi wa uzamili anayehangaika na programu ya zamani atapewa, tena atapewa na watu watatu tofauti ndani ya siku moja: "Weka DOSBox, mambo yataisha." Ushauri wenyewe si uongo. Utaiweka, dirisha jeusi litafunguka, na programu itaamka kana kwamba bado tuko mwaka 1993. Ninachokipinga hapa ni hilo neno "yataisha".

Tuanze na sababu ya programu hizi kugoma, maana wengi wanadhani Microsoft wamezifungia makusudi ili tununue mpya. Programu za DOS ziliandikwa kwa ajili ya prosesa za biti 16. Mwaka 1985 Intel walipotoa prosesa yao ya 80386 waliiwekea uwezo wa kipekee: iendeshe mfumo mkubwa wa biti 32, na wakati huohuo iitengee programu ya zamani chumba chake, ambamo programu hiyo inajiona iko peke yake kwenye mashine ya kizamani. Windows za biti 32 zilikitegemea chumba hicho kwa miaka mingi. Zilipokuja prosesa za biti 64, kuanzia zile za AMD mwaka 2003, wabunifu waliamua kwamba prosesa ikishaingia kwenye hali ya biti 64, chumba kile hakipo tena. Kwa hiyo Windows ya biti 64 haina pa kuiweka programu ya DOS. Windows 10 ilikuwa bado na toleo la biti 32, na ndiyo maana ile kompyuta kuukuu ya pale ofisini, yenye vumbi na stika ya mali ya mradi, iliendelea kuzikubali. Windows 11 haina toleo hilo kabisa. Na Windows 10 yenyewe iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025.

Ukishalielewa hilo utaona kwa nini ile tiki ya "hali ya upatanifu" ambayo mafundi wengi hukimbilia haisaidii kitu. Tiki hiyo huidanganya programu kwamba iko kwenye toleo la zamani la Windows, na kurekebisha tabia chache ndogondogo. Kwa programu ya biti 32 ya enzi za XP inasaidia kweli, nimeona. Kwa programu ya DOS ni sawa na kumpangia kiti mgeni ambaye bado hajapata hata mlango wa kuingilia.

Sasa twende Mogitu. Ni kata ya wilaya ya Hanang, mkoani Manyara, upande ule ambako mtu akiinua macho anakutana na mlima wenyewe, mita zaidi ya 3,400. Mahindi na mbaazi ndiyo maisha. Nilikwenda kwa ajili ya udongo, si kompyuta: tangu maporomoko ya tope ya Desemba 2023 yaliyoua watu wengi Katesh na vijiji vya jirani, kila mtu anauliza miteremko hii imebadilika kiasi gani. Kuulizwa ni rahisi. Kujibu kunahitaji kujua ilikuwaje zamani.

Bwana shamba mmoja mstaafu alinitolea bati la biskuti. Ndani yake diski laini kumi na moja, zile za inchi 3.5, zenye lebo za kalamu ya wino: misimu ya katikati ya miaka ya 1990, majaribio ya mahindi yaliyochanganywa na mbaazi, ploti za juu ya mteremko na ploti za chini. "Karatasi zake zilishaliwa na mchwa, kijana wangu," aliniambia. "Ukiweza kuzifungua hizi, uniambie tu ploti ya juu ilitoa ngapi. Mwanangu analima palepale sasa hivi." Nikamjibu nitajitahidi, mzee. Diski moja ikibeba megabaiti 1.44, bati zima halifikii picha nne au tano za simu yako.

Faili zilikuwa za MSTAT-C. Kama uko kwenye kilimo jina hilo umeshakutana nalo, hata kama programu yenyewe hujawahi kuiona. Fungua tasnifu yoyote ya SUA ya miaka ile, sura ya mbinu, na kuna uwezekano mkubwa utasoma kwamba data zilichambuliwa kwa MSTAT-C. Ilitengenezwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani, ikasambaa kwenye vituo vya utafiti wa kilimo kwa sababu ilikuwa nyepesi, iliingia kwenye kompyuta dhaifu, na ilimfikiria mtu wa shamba: menyu ndefu ya maneno mafupi, FACTOR kwa uchambuzi wa tofauti, RANGE kwa kupanga wastani na kuweka zile herufi a, b, ab tunazozijua. Nasema bila aibu kwamba kwa mtu anayeanza, menyu ile ilikuwa na adabu kuliko programu nyingi za leo.

Basi, DOSBox. Ilitoka mwaka 2002, na watengenezaji wake hawakuficha nia: ni ya kuchezea magemu ya zamani. Ni kiigizi, maana yake haiipi programu prosesa yako halisi, bali inaiga prosesa ya zamani amri kwa amri. Hilo lina faida moja tamu sana. Baadhi ya programu za zamani zinakufa kwa sababu kompyuta ina kasi mno! Zile zilizoandikwa kwa Turbo Pascal zilipowashwa zilikuwa zinapima mwendo wa mashine: zunguka kitanzi kwa milisekunde 55, hesabu mizunguko, gawanya kwa 55, weka jibu kwenye nafasi ya biti 16. Nafasi hiyo mwisho wake ni 65,535. Prosesa zilipofika karibu megahezi 200 jibu likaanza kufurika, na prosesa ikalitoa kosa lilelile la kugawanya kwa sifuri. Programu ikaanguka kabla hata menyu haijaonekana. Ndani ya DOSBox unapunguza kasi, inaamka.

Lakini ukiitumia kwa kazi ya data, kasoro zinaanza kujitokeza. DOSBox ya kawaida haichapishi, kwa hiyo programu iliyozoea kumwaga matokeo kwenye printa inabaki inasubiri. Ukiongeza faili kwenye folda kutoka upande wa Windows, DOSBox huenda isilione mpaka uiambie isome upya. Kwa gemu si kitu, kwa mtu anayehamisha faili mia moja ni njia ya uhakika ya kuruka moja bila kujua. Na kuna jambo la namba. Prosesa za Intel za zamani zilipiga hesabu za desimali kwa biti 80, wakati DOSBox, kutegemeana na kompyuta uliyonayo, inaweza kuzipiga kwa biti 64. Kuna watu wanalikuza hili kupita kiasi. Kwa mavuno ya kilo kwa hekta yenye tarakimu nne, tofauti itakuwa mbali sana kwenye desimali na hutaiona kwenye jedwali lolote. Hata hivyo, anayedai "nimerudia uchambuzi uleule kwenye mashine ileile" anapaswa kujua kwamba mashine si ileile.

Kwa kazi hii mimi naipendelea mashine pepe: VirtualBox, ndani yake FreeDOS, mfumo wa bure ulioanzishwa na Jim Hall mwaka 1994 na unaohudumiwa mpaka leo. Hapo programu inatumia prosesa yako halisi, ambayo inakubali kurudi kwenye hali yake ya zamani kwa sababu mfumo wa ndani haujawahi kuingia biti 64. Wengine huweka Windows XP ndani. Sawa, ila XP iliachwa bila ulinzi tangu Aprili 2014, kwa hiyo ikatie mtandao kabisa. Usiniambie "kidogo tu".

Ila hata mashine pepe ni nusu ya kazi, na hapa ndipo ushauri wa "mambo yataisha" unaponikera. Unaiwasha programu, unaiona menyu, unapiga picha ya skrini, unaituma kwenye kundi la WhatsApp la darasa, watu wanapiga makofi, na data zimebaki palepale zilipokuwa, ndani ya muundo ambao programu moja tu duniani inausoma vizuri. Miaka mitano mbele mwingine anaanza upya. Kazi inayostahili makofi ni ile ya kuchosha: kuingia kwenye chaguo la ASCII ndani ya MSTAT-C, kutoa kila faili kama maandishi matupu, na kuyahesabu mistari kwa mistari dhidi ya idadi ya ploti. Hapo ujihadhari na alama za data zilizokosekana. Wengi enzi hizo waliandika -9 au 999 mahali ambapo ng'ombe walikuwa wamekula ploti. Usipozikamata utapata mahindi yenye mavuno ya hasi tisa, au, mbaya zaidi, wastani unaoonekana wa kawaida kabisa.

Kambi ya pili nayo ina lake: "Achana na takataka za DOS, tumia R." R ni nzuri, naitumia kila siku. Lakini R haikufungulii bati la biskuti. Lazima mtu aingie kwanza mle ndani, kwa lugha ya mle ndani, atoe vitu nje.

Linganisha na Jambo OpenOffice, ile programu ya ofisi kwa Kiswahili iliyotolewa mwaka 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Leo sidhani kama kuna anayeitumia. Lakini faili zake za .sxw ni maandishi ya XML yaliyofungashwa kwa zipu, muundo uliowekwa wazi, na LibreOffice ya sasa inazifungua bila kelele. Kule programu imezeeka na faili zinapumua. Huku tunaipulizia programu pumzi ili tuzifikie faili.

Lawama nyingine naipeleka kwetu wenyewe, vyuoni. Tumekubali kwa miongo kwamba sentensi moja, "data zilichambuliwa kwa MSTAT-C", inatosha. Inatosha kwa mtahini. Kwa mtu anayetaka kujua ploti ya juu ilitoa ngapi, haimpi hata namba moja, kwa sababu data zenyewe hazikuwekwa maktaba. Na msidhani tumepona: nusu ya wenzangu wanahifadhi zao kwenye faili za programu za kulipia, leseni ikiisha na faili zimelala.

Kati ya diski kumi na moja, tisa zilisomeka. Mbili zina ukungu, na sijazigusa zaidi kwa sababu kila jaribio linakwangua. Nimezitoa zote tisa kwenye maandishi matupu na kumpelekea mzee jedwali lililochapishwa kwa herufi kubwa. Namba zipo, misimu ipo, marudio yapo. Tatizo ni safu ya matibabu: imeandikwa T1 mpaka T4 na hakuna faili linaloeleza T3 ni nini. Mzee anakumbuka kwamba mbili zilikuwa na samadi na moja haikuwekewa chochote, ila hana uhakika zipi. Anasema mpangilio uliandikwa kwenye daftari la jalada gumu, na aliyekuwa akilitunza alihamia Endasak.