Tonge la Vumbi

Ukishuka kutoka soko la Usenge kuelekea ziwani, utaona vitu viwili vimeanikwa: omena, yaani dagaa, juu ya nyavu na, kando, juu ya bati kuukuu, matonge meusi ya makaa, ukubwa wa ngumi. Omena haihitaji mtetezi. Nitayasifu matonge.

Jirani yangu mmoja amekuwa akiyafinyanga tangu kabla ya Februari 2018, serikali ya Kenya iliposimamisha ukataji miti katika misitu ya umma na gunia la makaa likawa halishikiki kwa bei. Malighafi yake ni taka za nyumbani: vumbi lililobaki chini ya gunia, magunzi, maganda ya muhogo. Magunzi na maganda huyakausha, huyachoma kwenye dramu, kisha hulifunika mapema. Hewa ikipenya usiku, asubuhi utakuta jivu jeupe, nalo limekwisha kuwaka.

"Fagia polepole, mwanangu," aliniambia nilipojitia kumsaidia. "Unaniletea mchanga."

Mchanga ukishaingia kwenye vumbi hautoki. Hauwaki, unakaa ndani ya tonge bure, kisha unaziba jiko. Kwa sababu hiyo hiyo udongo wa mfinyanzi huutia kwa ubahili: unashika vizuri, lakini haupiki. Uji wa muhogo unashika na unawaka, ila ni chakula, naye ana wajukuu. Basi huloweka karatasi hadi zilainike kama uji. (Madaftari yangu ya hesabu hayajawahi kufaa hivyo.) Vipande vya plastiki huviondoa kimoja kimoja, kwani moshi wake ni sumu.

Mizani yake ni kiganja. Akikamua, maji yakachuruzika vidoleni, huongeza vumbi. Tonge likifanya nyufa, huongeza maji. Kinachobaki ni jua, na hapo ndipo mimi hushindwa. Omena hukauka kwa siku moja ya jua kali. Tonge hudanganya: nje kavu, ndani bichi. Langu la kwanza lilifukiza nyumba nzima, moto ukihangaika kukausha maji kabla ya kupasha sufuria.

Kwa chai ya haraka halifai. Lakini injika nyoyo jioni, mahindi na maharagwe yale magumu, uone linavyotulia, bila cheche, hadi watoto walale.

Juzi nilimpelekea matonge yangu mapya. Alilivunja moja, akalinusa katikati, akavirudisha vipande vyote viwili juani.