Makelele ya Magazeti juu ya Mafua ya Mwaka 2009

Mara nyingi tunasikia watu wakisema: «Magazeti hupenda kutisha watu bure.» Nao hutoa mfano wa mafua ya mwaka 2009, yale yaliyoitwa homa ya nguruwe. Tuupime basi mfano huo, ili tuhukumu kwa haki.

Mambo yenyewe ni haya. Katika mwezi wa nne wa mwaka 2009, Mexico na Marekani zilitangaza mafua mapya. Tarehe 11 ya mwezi wa sita, Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba yameenea duniani. Magazeti na redio havikunyamaza. Lakini tarehe 10 ya mwezi wa nane 2010 Shirika lilitangaza mwisho wake, na wafu waliohakikishwa katika maabara walikuwa 18,000 na kidogo zaidi. Ufaransa iliagiza chanjo milioni 94. Watu waliochanjwa hawakufika milioni 6. Tangu siku hizo wengi husema: «Tulidanganywa.»

Sisi tunajibu kwanza: hesabu hiyo iliwahesabu nani? Iliwahesabu wale tu waliopimwa. Aliyekufa katika kijiji kisicho na maabara hakuandikwa. Mwaka 2012 wataalamu walitafuta hesabu upya, wakakisia kwamba katika mwaka wa kwanza walikufa watu 151,700 hadi 575,400. Zaidi ya nusu yao walikuwa wa Afrika na wa Asia ya kusini-mashariki. Tena, wanane katika kumi hawakufika miaka 65, hali mafua ya kila mwaka huua hasa wazee. Basi gazeti lililoandika kwamba ugonjwa ule si kitu lilitazama makaburi ya kwao tu.

Pili, kunyamaza kuna hatari yake. Mwaka 1918, inchi zilizokuwa vitani zilizuia magazeti kusema wazi habari za mafua, ili watu wasivunjike moyo. Hispania haikuwa vitani, magazeti yake yakasema, na ugonjwa ukapewa jina la inchi iliyosema kweli. Katika mji wa Philadelphia magazeti yalituliza watu, na tarehe 28 ya mwezi wa tisa wakafanya maandamano makubwa ya kukusanya feza za vita. Siku chache baadaye hospitali zilijaa.

Lakini hatuwezi kuyasafisha magazeti kabisa. Kosa lao la mwaka 2009 tunaliona katika jina lile. Mafua yale yalipita kutoka mtu hata mtu, kwa kukohoa na kupiga chafya, wala si kwa kula nyama. Mwisho wa mwezi wa nne Shirika la Afya liliacha jina la nguruwe. Magazeti mengi hayakuliacha. Siku zilezile serikali ya Misri, isiyokuwa bado na mgonjwa hata mmoja, iliamuru nguruwe wote wauawe, yapata 300,000. Wengi walikuwa mali ya Wakristo maskini wa Cairo, waokotao takataka za mji na kuwalisha nguruwe mabaki ya chakula. Maskini walipoteza mali yao, takataka zikajaa njiani, na mafua yakaingia Misri vilevile.

Hukumu yetu basi ni hii: ilifaa kupiga kelele. Mlinzi apigaye ngoma usiku hatumkemei kwa sababu nyumba yetu haikuungua. Tunamkemea akionyesha nyumba isiyo na moto, au akienda kulala wakati moto ungali unateketeza nyumba za maskini.

Nasi, ndugu, watu watatuletea gazeti na kutuuliza: «Je, ni kweli?» Tusiwajibu kwa kucheka, wala kwa kuogopa. Tuwaeleze kwanza ugonjwa unapita njia gani. Kisha tuulize pamoja nao ni wafu gani ambao gazeti halikuwahesabu.