Ndege wa Vitabuni na Ndege wa Ziwani

Katika lugha yetu neno "ndege" lina mizigo mitatu. Ni kiumbe mwenye mabawa. Ni chombo kinachotua katika uwanja wa Mwanza, kando ya ziwa. Na kwa wazee ni dalili ya jambo lijalo, ndiyo maana msafiri wa zamani aliweza kuambiwa kwamba amepata ndege njema au ndege mbaya. Nimeanza na neno hili kwa sababu nataka kuzungumzia vitabu vya kutambulia ndege, na katika vitabu vyote vya aina hiyo nilivyo navyo rafuni, ni maana ya kwanza tu iliyopewa nafasi. Silalamiki, kwani hakuna kitabu kinachoweza kubeba kila kitu. Lakini nimetembea navyo ufukweni miaka mingi, na naona ni haki niseme vinatupa nini na vinatunyima nini, na nikiri pia aibu iliyonipata siku moja kwa kuvitumia vibaya.

Kitabu changu cha kwanza kilikuwa cha John G. Williams, kilichotolewa na Collins mwaka 1963, kikihusu ndege wa Afrika Mashariki na ya Kati. Williams alikuwa mtunzaji wa ndege katika Makumbusho ya Coryndon kule Nairobi. Nilikipata kwa mwalimu mwenzangu, mgeni aliyekuwa anarudi kwao, naye alikuwa amekitumia hadi jalada likalegea. Ni kitabu cha mtu aliyetembea. Maelezo yake ni mafupi, hayana mbwembwe, na msomaji anahisi kwamba mwandishi amemwona kila anayemtaja. Ila kina kasoro mbili. Ndege waliochorwa ni baadhi tu. Na picha zimewekwa mbali na maelezo, hivyo inakubidi ushike kurasa tatu kwa vidole vitatu huku ndege mwenyewe akiruka zake. Kwa msomaji mvivu, na mimi nilikuwa mvivu, kasoro ya pili ni mtego: unatazama picha, unaridhika, husomi.

Mtego huo ulininasa katika miaka ya 1980. Siku moja ya Jumamosi nilikuwa Igombe, kwenye mtumbwi wa mzee mmoja mvuvi ambaye alinizoea. Juu ya jabali alikuwa ametua ndege mkubwa wa rangi ya udongo, mwenye michirizi myeupe isiyo na mpango kifuani.

"Furukombe yule, Mwalimu," mzee akasema.

Nilifungua kitabu changu. Furukombe wa pichani ana kichwa na kifua cheupe pe, tumbo la hudhurungi nyekundu na mabawa meusi. Huyu hakuwa na hata kimoja cha hayo. Nikamwambia mzee, kwa sauti ile ya darasani ambayo leo naijutia, kwamba furukombe hayuko hivyo na kwamba yule ni tai wa aina nyingine.

Mzee hakubisha. Alipiga kasia mara mbili tatu, kisha akasema: "Mwalimu, yule ni mtoto. Alizaliwa kwenye mti ule. Mama yake ndiye yule."

Nikatazama alikoelekeza kasia. Katika mti uliokuwa nyuma ya jabali alikaa furukombe mwenye kichwa cheupe, kama vile ametoka kwenye kitabu changu. Nilipofika nyumbani nilisoma maelezo kwa utulivu, nikaona kwamba kosa lilikuwa langu wala si la Williams. Furukombe mchanga ni wa kahawia na michirizi, na humchukua miaka kadhaa kuvaa vazi la wakubwa.

Hapo ndipo nilipoanza kuvisoma vitabu hivi kama mhakiki, si kama muumini. Picha ya kitabuni inamwonyesha ndege mmoja, mara nyingi mtu mzima, aliyetulia, ubavu umegeuzwa kwetu, mwanga wa kutosha. Hii ni sura ya pasipoti. Inasaidia mpakani, lakini hakuna mtu anayeishi akiwa amekaa kama alivyo kwenye pasipoti. Mvuvi yule alimjua ndege kama tunavyomjua mtoto wa jirani: alizaliwa wapi, mama yake nani, anakaa wapi jioni. Maarifa hayo hayahitaji kitabu. Lakini pia hayasafiri. Mzee angepelekwa Tabora, asingejua ni nani anaimba mtini. Kitabu kinasafiri. Ubora na udhaifu wake vinatoka mahali pamoja.

Vitabu vilivyofuata vimejitahidi kuziba ufa huo. Mwaka 1996 walitoka Dale Zimmerman, Donald Turner na David Pearson na kitabu chao cha ndege wa Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Ni kazi ya kustahiwa. Kina kurasa zaidi ya 700, na undani wake kuhusu sauti, umri na tofauti za eneo hadi eneo haujanichosha mpaka leo. Lakini ni kitabu cha mezani. Ukikibeba kwenye mtumbwi, mwenye mtumbwi anakutazama kama anayetaka kukutoza nauli ya watu wawili. Na jina lake lenyewe linatuambia tumekaa wapi: Kenya nzima, kisha sisi kipande cha juu.

Mwaka 2002 Terry Stevenson na John Fanshawe walitoa mwongozo wao wa Afrika Mashariki, unaojumuisha Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, spishi 1,388 kwa jumla. Toleo la pili lilitoka mwaka 2020. Kama una fedha ya kitabu kimoja, ndugu msomaji, nunua hiki. Maelezo yanatazamana na picha, ramani iko pembeni ya maelezo, na vidole vyako vinapumzika. Tai na mwewe wamechorwa wakubwa kwa wachanga, waliotua na walio angani. Ningekuwa na kitabu hiki Igombe siku ile, nisingeaibika.

Hata hivyo nina manung'uniko matatu, nayo si ya kitabu hiki pekee.

La kwanza ni ramani. Rangi ikipakwa kuzunguka ziwa, msomaji hudhani ndege huyo yuko kila ghuba. Lakini wako ndege wa ziwa hili wasioishi popote ila ndani ya mafunjo. Penye mafunjo wapo, yakifyekwa wakalime watu au wajenge, hawapo, ingawa rangi kwenye ramani inabaki palepale. Ramani ya ukubwa wa kucha haiwezi kusema hayo. Basi maelezo yaseme, tena kwa sauti.

La pili ni sauti. Waandishi wanajitahidi kuandika mlio wa ndege kwa herufi, lakini ni herufi zinazosomwa Kiingereza. Mara nyingi nimesoma mlio kwa sauti, nikasikia kitu ambacho hakijawahi kusikika Mwanza. Na huku lugha yetu ilikwisha kuifanya kazi hiyo kabla ya kitabu chochote. Mtamke hondohondo. Mtamke kwarara. Mtamke dudumizi, yule wa vichakani anayetoa mlio mzito unaoshuka kama maji yanayomwagika kwenye chupa, ambaye wengi humsikiliza kama mtabiri wa mvua. Jina ni mlio, na mlio ni jina. Mtoto akifundishwa jina amefundishwa na sikio.

La tatu ni majina, na hapa natakiwa kwenda polepole. Vitabu hivi vimejaa majina ya wageni. Mmoja wa ndege wafumaji ni wa Speke, yule aliyefika Mwanza tarehe 3 Agosti 1858 akaliona ziwa ambalo watu walikuwa wakilivua siku zote. Kuna kasuku mdogo wa kijani, kichwa rangi ya chungwa, mdomo mwekundu, pete nyeupe machoni, ambaye ni wa Fischer. Gustav Fischer alikuwa daktari na msafiri wa Kijerumani aliyefika upande huu wa ziwa katika safari yake ya 1885 na 1886. Alirudi Berlin akafa mwaka huohuo wa 1886, na mwaka 1887 mtaalamu Reichenow akampa kasuku huyo jina lake. Jambo hili limewasumbua hata wenyewe. Mwaka 2023 chama cha wataalamu wa ndege cha Marekani kilitangaza kwamba majina ya watu yataondolewa kwenye majina ya Kiingereza ya ndege walio chini ya mamlaka yake, yaani ndege wa kule kwao.

Ni rahisi kumcheka Fischer. Lakini tujiulize: tukiombwa jina letu, tutatoa lipi? Nimeuliza mialoni jina la yule ndege mwenye vidole virefu anayetembea juu ya majani ya yungiyungi na magugu maji, nikapewa majina matatu na watu watatu, kisha wa nne akasema, "Ni ndege tu." Yangeyange kwetu ni kila ndege mweupe wa majini, kitabu kinawatenganisha kwa urefu wa shingo, rangi ya mdomo na rangi ya vidole. Tunapambanua pale panapotuhusu, kwa mnandi anayetutangulia kwenye samaki au mwewe anayebeba vifaranga, na tunapuuza penginepo. Kitabu kinatufundisha kumtazama hata yule asiyetuhusu. Hilo ni somo, nami nashukuru kulipata.

Na mara nyingine yule tuliyedhani hatuhusu ni jirani hasa. Chukua mdiria, yule mweusi na mweupe anayesimama hewani kama amefungwa kamba kabla ya kujitupa majini. Kitabu kinamtaja kwa mistari michache, nayo inatosha kumtambua. Lakini mwaka 1980 mtafiti Heinz-Ulrich Reyer alichapisha matokeo ya kuwachunguza ndege hao katika maziwa mawili ya Kenya, Naivasha na hili letu la Victoria. Katika Victoria, ambako mawindo ni magumu zaidi, wazazi huwapokea madume wengine wasio na wenzi, hata wasio ndugu, wawasaidie kulisha makinda. Naivasha, ambako samaki wanapatikana kwa wepesi, wageni hao hufukuzwa. Niliposimulia hayo mwaloni Kirumba, vijana wa dagaa walicheka wakasema mdiria naye anajua kwamba ziwa likiwa gumu huvui peke yako. Ningetamani mwongozo wa ndege uwe na nafasi ya mstari mmoja kama huo.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Yule kasuku wa Fischer, makao yake ya asili ni kaskazini mwa Tanzania, kusini na mashariki ya ziwa letu. Katika miaka ya 1980 alikuwa miongoni mwa ndege wa porini waliouzwa kwa wingi mno duniani. Walinaswa kwa maelfu, wakapakiwa, wakaenda kuishi kwenye vitundu vya watu wa mbali. Darasani kwangu nilikuwa na kijana ambaye ada yake ililipwa kwa fedha hizo. Alijua miti wanayolala, saa wanayotoka, jinsi wanavyoingia kwenye mashimo ya miti. Hakuna mwanafunzi wangu aliyemjua ndege kuliko yeye. Nilipokea stakabadhi yake ya ada nikaandika jina lake kwenye daftari. Sikumuuliza neno.

Wakati huohuo kitabu kilikuwa kwenye meza yangu, na ndani yake kilisema ndege huyu anapatikana wapi. Kwa Kiingereza. Kijana yule Kiingereza kilimshinda, na mimi niliyekuwa nakisoma sikuona haja ya kumtafsiria. Sidanganyiki kwamba sentensi moja ingemlipia ada. Njaa haisomi ramani. Lakini alistahili kujua kwamba alichokiuza hakina shamba jingine. Mzungu mnunuzi alijua, mwandishi alijua, mwalimu alijua. Asiyejua alikuwa mwenye miti.

Huo ndio uhakiki wangu mkubwa wa vitabu hivi. Vimeandikwa kwa uaminifu na watu wenye bidii, lakini kila kimoja kina msomaji wake moyoni, naye ni mtu aliyekuja: ana darubini, ana gari, ana siku kumi, ana orodha ya kutia alama. Msomaji aliyezaliwa hapa hakufikiriwa. Tusiwalaumu waandishi peke yao kwa hilo. Sisi tuliosoma tulivikalia.

Siku hizi natembea na kitabu cha Stevenson na Fanshawe na penseli. Pembezoni mwa kurasa naandika majina ninayopewa, pamoja na mahali na aliyenipa: mvuvi, mama muuza dagaa, mtoto wa shule. Penye majina matatu naandika yote matatu. Kurasa zimechafuka, na mwenye duka la vitabu hawezi kukinunua tena.

Mzee wa Igombe amekwisha fariki, Mungu amrehemu. Kwenye ukurasa wa furukombe, kando ya picha ya yule mchanga wa rangi ya udongo, nimeandika maneno yake: mtoto, alizaliwa kwenye mti ule.