Dari la Mkunazini na Jicho la Kamera

Miongoni mwa majengo ya Mji Mkongwe wa Unguja, hakuna limpalo mpiga picha taabu na faida kwa pamoja kuliko Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, na sababu yake si huzuni ya mahali pale tu, ingawa huzuni hiyo ni kubwa, bali ni dari lake.

Soko la watumwa lililokuwa hapo lilifungwa mwaka 1873, na siku ya Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Aliyesimamia ujenzi ni Edward Steere, mwanachuoni wa Kiswahili, aliyepewa uaskofu mwaka 1874. Basi izingatiwe kwamba katika nyumba za kale za mji ule upana wa chumba hufuata urefu wa boriti ya mkoko, ambayo haivuki salama zaidi ya mita 3 hivi, na ndiyo maana vyumba vyake ni virefu na vyembamba. Lakini Steere alikata shauri kulifunika kanisa kwa tao moja, mfano wa pipa lililopasuliwa kwa urefu, la zege la vipande vya matumbawe na saruji, pasipo boriti hata moja. Na ijapokuwa wengi walitabiri kwamba lisingedumu, dari hilo lingali juu ya waumini hadi leo.

Anayelipiga picha dari hili hana budi kuonyesha mambo mawili: upana uliopatikana bila boriti, na mpindo wenyewe. Upana huharibiwa aghalabu na lenzi iliyo pana mno, kwa kuwa huvuta kingo za picha hata tao likaonekana kubwa kuliko lilivyo, ilhali ukubwa wake wa kweli unatosha kustaajabisha. Kwa kamera ya kadiri ya filamu ya milimita 35, lenzi ya milimita 24 au 28 inatosha, nayo kamera isimamishwe sawasawa kwenye stendi ya miguu mitatu, katikati ya njia iendayo madhabahuni, bila kuinuliwa uso. Kwani ikiinuliwa, kuta huinamiana kana kwamba zataka kuanguka, na jengo lililoshinda utabiri wa kuanguka halistahili kufanyiwa hivyo.

Mpindo ni shughuli ya nuru. Jicho huutambua kwa jinsi mwanga wa madirisha unavyopungua kidogo kidogo upandapo dari, na kwa hiyo flashi, ambayo humwaga mwanga sawa kila pahali, huugeuza kuwa ubao mtupu. Mwombe mtunzaji azime taa, maana umanjano wa balbu hugombana na nuru ya mchana. Punguza tundu la lenzi hadi f/8 au f/11. Kisha uache mwanga uingie kwa sekunde kadhaa. Siku ya mawingu ni bora kuliko ya jua kali, kwa sababu vioo vya rangi haviungui vikawa vyeupe. Wako wapigao picha tatu za mwanga mbalimbali na kuziunganisha, nami siikatai njia hiyo, ila siikubali inapofuta kila kivuli.

Madhabahu yahitaji picha yake peke yake, ya karibu, kwani duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa nyekundu sakafuni, panaponenwa kuwa ndipo ulipokuwa mti wa kuchapia watumwa, likitazamwa kutoka mlangoni huwa ufito tu. Nyuma yake amezikwa Steere mwenyewe, aliyefariki mwaka 1882. Kadhalika usiupite msalaba uliochongwa kwa mti wa kijiji cha Chitambo, ambako moyo wa mmisionari Livingstone ulizikwa, wala nguzo za upande wa nyuma ndani ya kanisa ambazo, kwa masimulizi ya wenyeji, mafundi walizisimamisha kichwa chini askofu alipokuwa hayupo. Hizo zipigwe nzima, kitako na kichwa, ili mtazamaji ahukumu mwenyewe.

Nakusihi basi, ewe msomaji uendaye Mkunazini na kamera, uombe ruhusa kwanza, ungoje sala imalizike, na ukishasimama chini ya dari lile usilitie ukubwa lisiouhitaji.