Waliofika na Walioshiriki

Hapa Kindu karatasi nyingi za mikutano hupita mikononi mwetu zikiwa na neno moja la Kiingereza juu yake: "attendees". Chini yake tunaandika majina, tunatia sahihi au kidole gumba. Kisha huja mfasiri na kuandika kwa Kiswahili: "Orodha ya washiriki". Hapo ndipo ninapogombana naye.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Asili yake ni Kilatini, "attendere", yaani kunyosha kitu kuelekea mahali, ndiyo kusema kuelekeza akili. Mwisho wake, "-ee", umetoka katika Kifaransa cha mahakama, nao mara nyingi humtaja yule anayetendewa: "employer" ni mwajiri, "employee" ni mwajiriwa. Kwa kanuni hiyo "attendee" angekuwa mhudhuriwa, labda mkutano wenyewe! Ndiyo sababu wengine hawalipendi, wakasema lilikuwapo tangu zamani neno "attender". Mimi sioni kosa kubwa. "Escapee" naye ni mtu aliyetoroka mwenyewe, wala hakutoroshwa. Tukubali basi: "attendee" ni mtu aliyefika kwenye mkutano. Zaidi ya hapo neno halisemi.

"Mshiriki" ni jambo jingine. Kushiriki ni kuwa na fungu katika kitu. Wenye shirika hugawana faida na hasara. Kifaransa cha shule zetu kina "participant", nalo kwa asili ni mwenye kushika sehemu. Nadhani ndilo linalomponza mfasiri wetu, maana kwetu kila aliyekalia kiti huitwa hivyo.

Nilimjua mama mmoja wa Alunguli aliyevuka mto kwa mtumbwi siku mbili mfululizo, kuja kwenye semina ya mashamba. Yote yalisemwa kwa Kifaransa, naye hakuulizwa neno. Baadaye ikatoka taarifa: washiriki wote wamekubali. Nilipomsomea, akacheka. "Mwalimu, mimi nilifika. Nilichoshiriki ni wali."

Tazameni neno moja lilivyofanya kazi. Ukimya wa mama yule umegeuzwa kuwa kibali chake, na mashamba yanayosemwa ni yake.

Sisi makatekista tulipaswa kuwa wa kwanza kuiona tofauti hii. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya liturujia ya mwaka 1963, ulitaka waamini wasiwepo kwenye Misa kama wageni au watazamaji walio bubu, bali washiriki kwa kufahamu na kwa matendo. Maaskofu wale walijua ya kuwa mtu aweza kuwapo asishiriki. Kama yangekuwa jambo moja, wangeagiza nini?

Kuna watakaonishauri "mhudhuriaji". Ni Kiswahili safi, ila vijijini kwetu silisikii sana. "Waliofika" kila mtu analijua. Katika mkutano wetu uliopita niliandika hivyo juu ya orodha, na pembeni nikatia alama kwa kila aliyesema neno lake. Waliofika walijaza karatasi mbili. Alama zilikuwa sita, na moja ni yangu.