Saa Nzima Kamera Haijakatwa!

Jamani, wekeni pembeni hizo sizoni za helikopta na magari kulipuka, mtafute Adolescence leo hii! Netflix waliiachia tarehe 13 Machi 2025, ina sehemu nne tu. Nimeona ya kwanza na siwezi kungoja nimalize ndipo niseme. Tumeitazama hapa mtaani kwetu Lizaboni, sebuleni kwa dada mmoja, watu wamebanana hadi mkekani, mvua inatwanga bati, na hakuna aliyethubutu kutoka hata kwenda chooni.

Mwanzo unakuhadaa. Mpelelezi kakaa garini, anatafuna tufaha, anasikiliza ujumbe wa mwanawe asiyetaka kwenda shule. Unaanza kujiandaa kupiga soga. Ghafla mlango wa nyumba ya watu unavunjwa, askari wenye bunduki wanapanda ngazi, na huyo mtuhumiwa wa mauaji ni Jamie, mtoto wa miaka 13, yuko kitandani, amejikojolea! Sebule nzima: "Aaah, wamekosea nyumba hao!"

Sasa uhondo wenyewe: kamera haikatwi. Hata mara moja! Inatoka na mtoto nyumbani, inapanda naye gari la polisi, inaingia naye kituoni, anapigwa picha, anatolewa damu, mfululizo, hakuna kiraka. Mwongozaji Philip Barantini alirekodi sehemu nzima kwa mkupuo mmoja. Mambo yakiharibika, wanaanza upya. Huu tunaouona ni mkupuo wa pili. Na huyo mtoto, Owen Cooper, hajawahi kuigiza kwenye runinga kabla ya hapa. Hebu fikiria!

Stephen Graham, aliyeiandika pamoja na Jack Thorne, ndiye baba mtu, fundi bomba. Kuna pahala Jamie anavuliwa nguo akaguliwe. Kamera haimwangalii kabisa, imeng'ang'ania uso wa baba aliyesimama pembeni asijue aangalie wapi. Mama aliyekaa karibu nami alivuta khanga akajifunika macho.

Ubishi nao! Vijana wa bodaboda waliapa dogo kasingiziwa, stelingi hafungwi. Polisi walipomwambia Jamie achague mtu mzima wa kukaa naye, naye akamtaja baba, bibi mmoja aliwaka: "Na mama yake kamkosea nini?" Swali hilo lilituchukua muda mrefu, tukapitwa na maneno mawili matatu ya wakili.

Sisi tuliolelewa na mpelelezi Bwana Msa wa riwaya za Muhammed Said Abdulla tumezoea kuzungushwa mpaka kurasa za mwisho ndipo tumjue muuaji. Hawa jamaa wanakupa jibu kabla sehemu ya kwanza haijaisha (silitaji, msinishike mashati!), halafu wanakuachia swali zito zaidi: kwa nini? Ndiyo maana sikulala.

Kasoro? Kiingereza chao cha kaskazini mwa Uingereza kimekunjamana, na maandishi ya chini yanakimbia. Ilibidi mwalimu mmoja ageuke Lufufu wetu, yule mtafsiri wa filamu, akitafsiri kwa sauti, tena akiongeza chumvi zake.

Sehemu ya pili ni kesho jioni. Bando tunachanga, na safari hii asiyechanga atasikilizia dirishani.